Mia Mbili za Bando

Jina lake kamili nilikuja kulijua kwa sababu ya deni.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miezi 14. Kila siku saa kumi jioni, watu wa New York wakiwa ndio wanaingia ofisini, herufi zake mbili zilikuwa zinatokea kwenye skrini yangu ndani ya kiduara cha kijani. Kijani maana yake yupo. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa, mikutano ya makampuni, mahubiri, mahojiano ya watafiti, na kuziandika neno kwa neno. Mimi naandika, yeye anapitia na kusahihisha. Alijua kwamba Kiingereza cha Texas kinanishinda. Nilijua kwamba hapendi koma nyingi. Basi. Tulikuwa watu saba: mmoja Nairobi, mmoja Eldoret, wawili Ufilipino, yeye Kisii, mimi Kibirichia, na msimamizi wetu huko Ulaya.

Juni 2023 kiduara kikageuka kijivu. Siku ya kwanza nilidhani stima imepotea kwao. Siku ya tatu msimamizi akagawa faili zake, na mimi nikapata nne. Niseme ukweli, maana bila ukweli huu sina haki ya kuandika yanayofuata: nilifurahi. Faili nne zilikuwa pesa ya unga, ya bando na ya nusu kodi ya chumba. Sikuuliza yuko wapi. Hakuna aliyeuliza. Ijumaa tukawa na ile saa yetu ya kufurahi pamoja, kamera zote ziwashwe, tucheze chemshabongo ya bendera za dunia. Mmoja akashinda kwa kuitambua bendera ya Bhutan. Tukapiga makofi, kila mtu chumbani kwake.

Siku ya 19 ndipo niliposhtuka, na wala si kwa wema. Nilikuwa natafuta kwenye simu ujumbe wa M-Pesa wa mtu mwingine kabisa, nikakutana na wa Novemba 2022: shilingi 200, namba ya simu, na majina matatu ya mtu. Ilinichukua muda kukumbuka ni nani. Alikuwa ameniandikia usiku, "Bro nimeishiwa bando na kuna faili ya asubuhi, niokolee na mia mbili, ntarudisha Ijumaa." Hakurudisha. Nilikuwa nimemkasirikia kimoyomoyo miezi saba. Sasa deni hilo ndilo lilikuwa njia pekee niliyokuwa nayo ya kumpata.

Nitasema nilimpata vipi. Lakini kwanza nataka kurudi nyuma, tena nyuma sana, kwa sababu swali lililoninyima usingizi usiku ule ni la zamani kuliko intaneti: watu wasioonana hufanya nini ili wawe wenzao kweli, sio majina tu? Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikataa, kwa hivyo historia ninayoileta hapa nimeiokota mwenyewe. Nyingine nimeitoa kwa babu yangu, nyingine maktaba ya Meru mjini, nyingine kwenye simu usiku nikisubiri faili ishuke.

Kibirichia iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, Buuri, mahali ambapo baridi ya asubuhi inakufanya upige chapa na glavu zilizokatwa vidole. Ni mji wa waru. Msimu ukiwa mzuri malori yanapanga foleni sokoni, mabroka wanapiga kelele, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukutajia bei ya gunia la Shangi. Ukungu ukiondoka unaziona nyanda za Isiolo huko chini, kavu na za njano, kama nchi nyingine. Hapa hakuna anayeuliza unafanya kazi na nani, kwa sababu inajulikana: na huyo mnayeinama naye shambani. Nikisema nafanya kazi na mtu wa Manila, watu wanacheka kwa adabu.

Babu yangu, ambaye sisi tunamwita juju, hakucheka. Aliuliza jambo moja tu. "Huyo wa Kisii, akifika hapa usiku ana njaa, atataja jina gani ndio nijue nimfungulie?"

Nilimwambia kwamba hatujuani majina ya nyumbani. Akanyamaza, akasukuma kuni ndani ya moto, halafu akaanza kunieleza gichiaro kana kwamba sijawahi kulisikia neno hilo.

Nilikuwa nimelisikia. Watoto wa Meru tunalisikia mapema, mara nyingi kama mzaha: usifungue duka mahali penye watu wa gichiaro yako, watakumalizia sukari bure. Lakini sikuwa nimewahi kulifikiria kama kitu ambacho watu walikaa chini wakakibuni. Neno lenyewe linatoka kwenye kuzaa. Ni undugu wa kutengeneza. Ukoo mmoja wa huku na ukoo mwingine wa mbali, pengine wa Tharaka kule kwenye joto, pengine wa Igembe, walikula kiapo kwamba kuanzia siku hiyo wamezaliwa pamoja. Baada ya hapo damu ya mwenzako huimwagi. Humdanganyi. Huoi kwao, kwa sababu wasichana wao sasa ni dada zako. Na akikuomba kitu ulicho nacho, humnyimi. Ukivunja, wazee walisema, ubaya utakufuata mpaka ndani ya zizi na ndani ya nyumba.

Fikiria kwa nini watu walihitaji kitu kama hicho. Mlima umekatwakatwa na mito, na kila mgongo kati ya mito miwili ulikuwa na watu wake, mifugo yake na vijana wake wenye mikuki. Watu wa mgongo huu walikuwa wanawaibia ng'ombe wale wa mgongo ule, na wale wanarudi kulipiza. Mabaraza ya wazee yalikuwepo, na juu yake Njuri Ncheke, lakini mzee wa Njuri hawezi kuwa kila njia unayopita. Ukivuka mto wa pili wewe ni mgeni, na mgeni ni mtu anayeweza kuuawa bila mtu kuulizwa. Gichiaro ilikuwa jibu kwa umbali. Haikusubiri watu wazoeane kwanza. Ilianza na haki ya kuomba, mazoea yakaja baadaye, au hayakuja kabisa, na bado ilifanya kazi.

Juju alitoa mfano wa 1984. Mwaka huo mvua ilikataa karibu Kenya nzima, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, yale ambayo wazazi wetu mpaka leo wakiyataja wanakunja uso. Usiku mmoja mwanamume alibisha kwa juju. Alikuwa ametoka Tharaka kwa miguu. Juju hakuwa amewahi kumwona. Mtu huyo hakueleza shida zake wala hakuomba msamaha kwa usumbufu. Alitaja ukoo wake, akakaa. Nyumbani kulikuwa na magunia mawili ya waru za mbegu, na mbegu haziliwi; ukila mbegu umekula mwaka ujao. Juju akampa gunia moja, na punda wa kulibeba.

"Nyanya alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu wiki nzima."

"Na yule mtu alilipa lini?"

Juju aliniangalia kama nimemtusi. Alipe nini? Ila miaka kadhaa baadaye, mjomba wangu alishikwa na malaria akifanya kibarua huko chini Tharaka, na watu waliomlaza kwao na kumchemshia uji mpaka akapona walikuwa wa ukoo uleule. Hakuna aliyetaja waru. Juju mwenyewe hajui kama walijua habari ya lile gunia.

Sitaki kuipamba gichiaro. Ni mzigo. Nyanya alijua ni mzigo. Lakini iliniondolea wazo moja nililokuwa nalo, wazo la makampuni yetu pia: kwamba watu walio mbali wanaunganishwa kwa kufurahishwa pamoja. Ile saa ya Ijumaa, zile bendera. Wazee hawakuanza na furaha, walianza na gunia la mbegu.

Na si Meru peke yake. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea mpaka Ujiji ilikuwa na mamia ya watu, wengi wao wapagazi Wanyamwezi waliobeba karibu kilo 30 kila mmoja kwa safari ya miezi. Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe na, kwa aibu yetu sote, ya watumwa pia. Lakini wapagazi walikuwa vibarua wa kulipwa, na mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha vizuri jinsi walivyokuwa na desturi zao za kazi: kirangozi anayetangulia, nyimbo, migomo ya mishahara, na vikundi vidogo vya kambi waliopika chungu kimoja. Katika njia zile ndipo utani ulipokomaa kati ya Wanyamwezi na watu wa nchi walizopitia, kama Wazaramo. Leo tunadhani utani ni kutaniana. Kutaniana ndiyo sehemu rahisi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na kuchukua kitu chako mbele yako ukanyamaza, na ukifa ugenini, mtani ndiye mwenye wajibu wa kukuzika. Hebu jiweke pale: unatoka Unyamwezi, uko karibu na pwani, homa imekushika, na huna hata ndugu mmoja. Lakini una mtani. Yule aliyekuibia kofia jana atakuchimbia kaburi kesho.

Sasa niruke bahari, kwa sababu huko ndiko kazi ya mbali ya aina yetu, ya kichwa na ya waya, ilikoanzia. Na mmoja wa walioianza alikuwa mtu aliyejua kutupwa mbali. Stephanie Shirley alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka wa 1933, akiitwa Vera Buchthal. Mwaka wa 1939, akiwa na miaka mitano, alipandishwa treni pamoja na dada yake, kati ya watoto wa Kiyahudi waliokuwa wanatoroshwa kutoka mikononi mwa Wanazi, akafika Uingereza kulelewa na watu asiowajua. Alikua, akasomea hesabu, akawa mtaalamu wa kompyuta, na kila alipotaka kupanda cheo akagonga dari. Mwaka wa 1962, akiwa na mtaji wa pauni 6, akaanzisha kampuni mezani kwake. Aliiita Freelance Programmers. Aliwaajiri wanawake walioacha kazi za kompyuta baada ya kuolewa au kuzaa, na wote walifanyia kazi nyumbani kwao. Kati ya wafanyakazi 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Barua zake za biashara hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia sahihi kama Steve.

Kazi ilikwenda hivi: mtu anachora hatua za programu kwa penseli, anaandika msimbo kwenye karatasi, anautuma kwa posta kwenda kituo ambako karatasi zinatobolewa matundu, zinatobolewa tena kuhakikisha hakuna kosa, ndipo zinaisogelea kompyuta. Katika usaili waliuliza kama mwombaji ana simu nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa intaneti yao. Kwa njia hiyo, wanawake 30 walioketi majumbani waliandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Kuna kitu kimoja kwenye maisha yake ambacho sikuweza kukipita. Ili mteja anayepiga simu asisikie kelele za mtoto, Shirley alikuwa na mkanda uliorekodiwa sauti za taipureta, anaucheza nyuma wakati anaongea. Ofisi ya uongo kwenye kaseti. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu mimi pia nazima maikrofoni jogoo wa jirani akiwika. Mara ya pili sikucheka. Mteja alifichwa mtoto, lakini ndani ya kampuni mtoto hakuwa siri; mtoto ndiye aliyekuwa sababu ya kampuni kuwepo. Kila mwanamke kwenye simu alijua kwamba mwenzake upande wa pili ana jungu motoni na mtoto mgongoni. Bosi mwenyewe alikuwa na mwana mwenye usonji aliyehitaji kuangaliwa mchana na usiku. Ukichelewesha kazi kwa sababu mtoto ana homa, huna haja ya kutunga hadithi. Hawakuhitaji kutambulishana. Walikuwa wameajiriwa kwa sababu ya kilekile ambacho kampuni nyingine ziliwataka wakifiche. Baadaye aliwagawia wafanyakazi hisa, na kampuni ilipouzwa hisa sokoni, watu 70 wakawa mamilionea. Kuhusu wanaume: sheria ya Uingereza ya 1975 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia, iliyokusudiwa kuwatetea wanawake, ilimlazimu afungue mlango na kwa wanaume.

Kule Los Angeles, 1973, mhandisi Jack Nilles alikuwa ameipatia kazi ya aina hii jina la kitaalamu. Yeye alikuwa anawaza foleni za magari, sio upweke, na nadhani makosa mengi yameanzia hapo.

Kwetu, kabla ya waya kufika, tulikuwa na redio. Baba yangu alikuwa mtu wa salamu. Kama uko chini ya miaka 25 huenda hujui uzito wa maneno hayo. Watu walijaza kadi za salamu, wakazituma kwa posta, na mtangazaji wa Idhaa ya Taifa akazisoma hewani: fulani wa fulani, na jina lake la kujisifu refu kama treni, anawasalimu fulani wa Busia, fulani wa Taveta, fulani wa Kitale. Wakaunda klabu. Mama aliona ni kupoteza pesa ya stempu. Mwaka wa 2006 nyanya alipofariki, baba alituma tangazo. Siku ya mazishi nikiwa mtoto wa shule niliona watu wanane wakishuka kwenye matatu wakiwa wamevaa fulana za klabu, wamelala njiani, wamebeba bahasha ya mchango. Mmoja alikuwa ametoka Busia. Baba hakuwahi kumwona. Alipoongea tu, baba akajua ni nani. Mama hakulalamikia stempu tena.

Waya zilikuja 2009. Mwaka huo kebo za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa, na tukaacha kutegemea setilaiti zilizokuwa ghali na za polepole. Mwaka wa 2016 serikali ikaanzisha Ajira Digital, kutufundisha sisi vijana kwamba kazi iko kwenye simu zetu. Ilikuwepo kweli. Kuandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani, kuweka alama kwenye picha ili magari yajiendeshe, kunukuu sauti, kuchuja picha na video za kutisha ili wengine wasizione. Kazi ilifika hadi Kibirichia. Kilichobaki nyuma ni ile sehemu nyingine, ya kubisha mlango usiku na kutaja ukoo. Mitandao hii imejengwa ili mfanyakazi aondolewe na mwingine awekwe bila kelele. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilifunga huduma zake Kenya kwa baruapepe, na watu waliokuwa wakiamka nalo kila siku wakakuta mlango umefungwa. Kama hamjuani, mnapotea mmoja mmoja.

Ndiyo maana nazingatia sana tarehe 1 Mei 2023. Siku hiyo, Nairobi, zaidi ya wafanyakazi 150 waliokuwa wamechuja maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana hotelini wakapiga kura kuunda chama chao. Mwaka mmoja kabla, Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyefukuzwa kazi hiyohiyo baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, alikuwa amefungua kesi mahakamani Nairobi. Kumbuka hawa wengi waliwahi kukaa kwenye jengo moja, viti vikigusana. Lakini walikuwa wamewekeshwa sahihi za kutotoa siri. Alichokiona mtu kwenye skrini hakutakiwa kukisema hata nyumbani. Kwa hiyo mnaweza kuwa mbali mkiwa chumba kimoja. Kilichowaleta pamoja hotelini ni madai, madaktari wa akili waliohitaji, mishahara, usingizi uliopotea. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kuomba, na akagundua wa pembeni anaomba kilekile.

Hiyo ilikuwa mwezi mmoja kabla ya kiduara cha mwenzangu kugeuka kijivu. Niliisoma habari hiyo wakati huo nikaipenda, nikaituma kwenye grupu letu. Yeye ndiye peke yake aliyeiwekea alama ya moyo.

Nilipiga ile namba ya M-Pesa saa tatu usiku. Mwanamke akapokea. Nikataja jina kamili, na nilipolitaja nikasikia jinsi lilivyo geni mdomoni mwangu. Akaniuliza mimi ni nani, na nikakosa la kusema. Mfanyakazi mwenzake? Rafiki? Mwishowe nikasema, "Mimi ni yule wa Meru wa mia mbili." Nikasikia akimwambia mtu, na mtu akacheka, halafu akakohoa.

Boda boda ilikuwa imegongwa na pikapu akirudi kutoka sokoni. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, simu ikasagika, laini walikuwa wameirudisha juzi tu. Siku 12 wodini. Alikuwa amejaribu kuingia kwenye akaunti yake kwa simu ya dadake na kukuta imefungwa: kutokuwa kazini bila taarifa. Aliniuliza polepole, "Faili zangu alipewa nani?"

"Nne nilipewa mimi."

Akanyamaza. Nilikuwa nasikia televisheni ya kwao, taarifa ya habari. "Sawa," akasema. "Basi ile mia mbili tumalizane."

Tulicheka sana, kupita kiasi.

Nilimtumia pesa ya zile faili nne, yote. Sijisifu, nilikuwa nimeila tayari, ikabidi nikope kwa juju. Halafu nikaandika kwenye grupu letu, sio lile la kampuni, jipya, nikaeleza yaliyotokea. Nikapendekeza kwamba kila mmoja wetu achukue mtu mmoja, mpeane jina kamili, namba ya mtu wa nyumbani, na mji. Na kwamba huyo mmoja anaweza kukuomba chochote ulicho nacho na hutamuuliza kwa nini. Wale wa Ufilipino walikubali siku hiyohiyo. Walisema kwao kuna kitu kinachofanana. Wa Nairobi akakubali. Wa Eldoret akakataa.

"Mimi nilikuja mtandaoni ndio niwatoroke watu wa kuniomba," aliandika. "Nikizima laptopu hakuna anayejua nilipo, na hiyo ndiyo raha yangu. Msinichukulie vibaya."

Sikumchukulia vibaya, ingawa ilinikaa. Mtu anayetuma nusu ya mshahara wake nyumbani kila mwezi ana haki ya kutaka mahali ambapo yeye si dada ya mtu. Nilimpelekea juju jambo hilo nikidhani atamlaumu. Akasema gichiaro haikuwahi kulazimishwa. Wasiotaka walibaki wageni, na wageni pia walifanya biashara. Miezi mitano baadaye yule wa Eldoret aliniandikia faraghani, mistari miwili, kuniuliza kama bado kuna nafasi. Sikumuuliza kwa nini.

Jambo lililomsumbua juju lilikuwa jingine. "Mlikula nini?" akauliza. Kiapo hakiwi kiapo bila kula pamoja.

"Hatukula kitu, juju. Tuko mbali."

Alifikiria mpaka moto ukataka kuzima. Kesho yake asubuhi akaniita shambani, akanionyesha gunia aliloshonea mwenyewe, la Shangi, zote za ukubwa mmoja, amezichagua. Nilimwambia kusafirisha gunia hadi Kisii kwa basi kutagharimu zaidi ya hizo waru. Akasema hakuniuliza bei.

Zilifika baada ya siku mbili. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na watu wa parseli mjini Meru: kuna mkungu wa ndizi kutoka Kisii, njoo haraka, unanukia ofisi nzima. Nusu yake ilikuwa imeiva mpaka ikawa nyeusi. Juju akazikagua moja moja, akasema walizikata zikiwa zimekomaa kupita kiasi, hao watu hawajui kupakia. Halafu akachukua mbili, akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, akala.